Mchanga Unaotunza Maji ya Kitui

Kiangazi kikikolea, mito mingi ya msimu kuzunguka Kabati, magharibi mwa mji wa Kitui, hubaki mchanga mtupu. Lakini maji yapo. Ukichimba, tabaka la juu ni kavu na la moto. Ukishuka kidogo, mchanga unaanza kushikana kiganjani. Ukizidi kuchimba, maji yanachuruzika kutoka pembeni hadi yatoshe kutekwa kwa kata. Wakamba wameishi kwa visima hivi tangu zamani, wakivizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiviharibu.

Bwawa la mchanga limekuza maarifa hayo. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto, msingi ukikalia mwamba, kisha mafuriko huachiwa kazi ya kujaza mchanga nyuma yake. Kwingine mashapo ni adui: Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, linazidi kupoteza nafasi kwa udongo unaoletwa na mto Tana. Hapa mashapo ndiyo bwawa lenyewe.

Ila si mashapo yoyote. Miamba ya Ukambani, hasa naisi, ikimomonyoka hutoa mchanga wa chembe nene, wenye uwazi unaoweza kufikia robo hadi thuluthi ya ujazo wake, na humo ndimo maji hukaa. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji ukayang'ang'ania. Ndiyo maana mafundi makini huinua ukuta kwa awamu, msimu baada ya msimu. Ukuta ukiwa mfupi, maji ya kasi huvusha tope laini na kuacha mchanga mzito. Ukiinuliwa wote kwa mara moja, maji hutulia, tope likatuama, na jasho la kijiji likapotea.

Shirika la SASOL, lililoanzishwa mwaka 1990, limejenga mamia ya mabwawa haya Kitui pamoja na wanakijiji. Humo, chini ya sentimita 60 hivi za mchanga, jua halinyonyi maji kwa urahisi.

Msingi wa nyumba ni kinyume cha bwawa hili: kifusi hushindiliwa tabaka kwa tabaka ili uwazi uishe. Hakihitaji mchanga wa mtoni, na hata kwenye zege vumbi la kokoto laweza kuchukua sehemu kubwa ya nafasi yake. Hata hivyo malori bado yanateremka mitoni kuchota mchanga wa ujenzi, ingawa Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchimbaji huo mwaka 2015. Wenye nyumba na wakandarasi, ulizeni mchanga wenu umetoka wapi kabla ya kuulipia, na ule wa mabwawa muuache mtoni.