Pompi ya Maji Nayo Inaomba Shamba Lake

Kisha kila mavuno tunajiuliza: tumepata mifuko mingapi? Ni ulizo zuri. Lakini kuna lingine lenye tunasahau: chakula hicho kimefika mu mwili wa mutoto, ao kimepotea njiani?

Kinapotea namna gani? Mutoto anakunywa maji ya muto, palepale watu wanalowesha muhogo na kufua nguo. Anacheza chini, kwenye udongo wenye mavi ya kuku na ya watu. Vijidudu vinaingia tumboni, anaanza kuhara, chakula kinapita bila kumujenga. Hata siku zenye hahare, matumbo yenye kuchafuka kila mara hayawezi tena kunyonya chakula vizuri. Pole pole mutoto anabaki mufupi kuliko umri wake, na akili yake haikomae vile ingepaswa. Uchunguzi wa afya wa inchi yetu wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kati ya 100 wenye hawajafikisha miaka tano walikuwa wamedumaa hivyo. Wakati wa kuzuia ni tangu mimba mupaka mutoto atimize miaka mbili. Kisha hapo, kurudisha urefu wenye ulipotea ni kazi nguvu sana.

Maji peke yake hayatoshe

Magharibi mwa Kenya, upande wa Bungoma, Kakamega na Vihiga, wachunguzi walifuata wanawake wajawazito zaidi ya 8.000 na watoto wao. Familia zingine zilipata dawa ya kusafisha maji, zingine choo kizuri, zingine mahali pa kunawa mikono. Zingine zilifundishwa kulisha mutoto na kupewa chakula cha kuongezea. Kundi moja lilipata vyote. Matokeo yalitangazwa mu 2018: maji, choo na sabuni peke yake havikurefusha watoto. Wale wenye walipata chakula cha kuongezea ndio walirefuka kidogo.

Basi tuache vyoo? Hapana! Maji machafu yanaleta kipindupindu, na sisi wa Tanganyika tunakijua sana. Kule Kalemie kinarudia kila mara. Lakini tusidanganyike: kijiji chenye pompi bila chakula cha kujenga mwili hakikuze mutoto. Na choo cha nyumba moja hakilinde mutoto kama jirani wanaendelea kwenda porini. Vitu hivi vinatembea pamoja, tena kwa kijiji kizima.

Ndiyo sababu programu ya Vijiji na Mashule Safi, ya serikali yetu pamoja na UNICEF, ilipima kijiji chote. Kati ya watu 100, angalau 80 wapate maji safi. Kati ya nyumba 100, angalau 80 zitumie choo kizuri, na 80 zitupe takataka mahali panapofaa. Watu 60 kati ya 100 wanawe mikono kwa sabuni ao majivu, na 70 waelewe namna magonjwa yanaambukizwa. Kijiji kisafishwe angalau mara moja kwa mwezi, na komite iwe inatumika kweli.

Nani atalisha pompi?

Mufadhili anachimba kisima mara moja, kisha anaenda. Raba za pistoni zinaisha, munyororo unakatika, vyuma vinashika kutu. Pompi ikikufa, wamama wanarudi mutoni siku hiyohiyo. Tangu 2013, mashirika matano yenye kuongozwa na Concern Worldwide yaliungana juu ya maji na usafi katika Kongo, Manono ikiwa ndani. Mashirika hayo yalitia mukazo kwenye hesabu: pompi itaomba makuta ngapi mu miaka yenye inakuja, na makuta hayo yatatoka wapi?

Sisi wakulima tunaweza kujibu: yatoke shambani. Mutafute kipande cha udongo kiitwe shamba la pompi. Kila nyumba itoe siku moja ya kupanda, moja ya kupalilia na moja ya kuvuna. Ao tuseme nyumba ni 60: kila moja ikileta meka mbili za mahindi kisha mavuno, ni meka 120. Koperative inaziweka mu depo na kuuzisha wakati bei imepanda. Makuta yanaandikwa mu kitabu cha pompi, yasichanganywe na ya koperative. Kitu cha kwanza kununua ni raba na vipande vingine, mbele mvua ifunge barabara.

Mujane, mugonjwa, muhamaji, Mutwa ao Muluba, asifukuzwe pompini juu hana mahindi. Mwenye nguvu atoe kazi. Asiye na nguvu achote bure. Mwenye kufukuzwa atarudi mutoni, na kipindupindu hakiulize kinaingia kwa nani.

Musiuzishe chungu cha mutoto

Mutoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, hata maji asipewe. Akitimiza miezi sita, aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya. Uji wa muhogo peke yake unashibisha tu. Mutie karanga za kutwanga na unga wa ndagala. Mumupatie pia maharage, lengalenga, sombe yenye kupikwa vizuri, yai likipatikana.

Hapa wababa wasikilize. Vyakula vingi kati ya hivyo tunalima sisi wenyewe, lakini siku ya soko tunapakia yote. Mbele ya kupima mifuko ya kuuzisha, mutenge karanga na maharage ya nyumbani mupaka mavuno yenye yanafuata. Mama apewe funguo ya akiba hiyo.

Kwenye mukutano wenu unaokuja, muulizane mambo matatu. Shamba la pompi litakuwa wapi? Nani atashika kitabu? Na kila nyumba imebakiza karanga kiasi gani?