Bisi na Haki ya Aliyeigundua

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii hunijia kila niwaonapo vijana wetu mijini wakitafuna bisi kwa imani kwamba kitafunio hicho kilizaliwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Hata jina lenyewe la bisi wameanza kulikimbia, wakapendelea la Kiingereza.

Ukweli, msomaji mpenzi, ni kwamba mahindi yalitokana na nyasi za mwituni ziitwazo teosinte, ambazo wakulima wa kusini mwa Mexico walianza kuzikuza na kuzichagulia mbegu yapata miaka 9,000 iliyopita. Huko Paredones na Huaca Prieta, pwani ya kaskazini ya Peru, wataalamu walifukua magunzi na maganda ya mahindi, yakiwemo ya bisi, ambayo makongwe zaidi yana umri wa miaka ipatayo 6,700. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2012. Wenyeji hao walikula bisi kabla hawajajua kufinyanga vyungu! Katika karne ya 16, mtawa wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, aliandika jinsi Waazteki walivyojipamba kwa mashada ya bisi katika ngoma zao za ibada. Chicago iliongeza mashine tu: mwaka wa 1893 Charles Cretors alionyesha huko mtambo wake wa mvuke wa kukaangia bisi.

Kwangu mimi mwanaisimu, kiini cha dhuluma hii ni majina. Sisi twasema mahindi, kana kwamba yalichipuka Bara Hindi. Waturuki huyaita mısır, yaani Misri. Waitaliano nao huyaita granoturco, nafaka ya Kituruki. Kila taifa lamsifu jirani. Mkulima wa Mexico hatajwi na yeyote.

Sisemi tulibadili neno mahindi, kwani lugha haiendeshwi kwa amri. Nasema mwalimu alitajapo darasani, aeleze pia asili ya nafaka yenyewe. Nasema pia tulihifadhi neno bisi. Jina ni shahidi anayeishi kuliko aliyelitoa, na shahidi huyo aweza kusema uongo kwa karne nyingi. Tukimwachia Mmarekani jina la bisi, wajukuu wetu watamwachia na sifa za uvumbuzi wake, na mwenye haki atadhulumiwa mara ya pili.