Utani au Uonevu? Mtazamo wa Wanafunzi wa Sekondari Mkoani Singida kuhusu Uonevu wa Mtandaoni

Uonevu wa mtandaoni ni matumizi ya simu, kompyuta au mitandao ya kijamii kwa makusudi ya kumtisha, kumdhalilisha au kumtenga mtu. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni katika miaka ya 1970, aliutambua kwa vigezo vitatu: kusudio la kuumiza, kurudiwarudiwa kwa kitendo, na tofauti ya nguvu baina ya wahusika. Mtandaoni, picha moja iliyowekwa katika kundi la WhatsApp hurudiwa na kila anayeisambaza.

Mkoani Singida, kama kwingineko nchini Tanzania, mtazamo wa wanafunzi huathiriwa na mambo mawili. La kwanza ni utani. Mtoto hukua akisikia babu akimtania mjukuu na shemeji akimtania shemeji. Hivyo anayesambaza picha ya kumdhalilisha mwenzake hujitetea kuwa ni utani tu. Hata hivyo, utani wa jadi hufanyika baina ya watu wanaofahamiana, kila upande una haki ya kujibu, na mipaka yake hujulikana. Picha iliyosambazwa na mtu asiyejitambulisha haitimizi hata sharti moja kati ya hayo.

La pili ni katazo la simu shuleni. Uonevu unaoanza wakati wa likizo, pengine kwa simu ya mzazi, huendelea darasani shule zinapofunguliwa. Anayetoa taarifa huhofia kuulizwa kwanza alipata wapi simu. Kwa hiyo, ukimya wake hauthibitishi kwamba hakuumia.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutuma mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kushurutisha, kutisha, kusumbua au kumsababishia mtu maumivu ya kihisia. Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Hivyo, mwonevu na mwonewa wote huweza kuwa watoto wanaohitaji malezi na ulinzi.

Kwa mintarafu hiyo, shule inapaswa kutenganisha kosa la kumiliki simu na taarifa ya kuonewa. Mwanafunzi ahakikishiwe kwamba hataadhibiwa kwa kusema, na aelekezwe kwa mwalimu wa malezi, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au simu ya huduma kwa mtoto namba 116. Bila hakikisho hilo, katazo lililokusudiwa kumlinda humfunga mdomo.