Kibao cha Baiskeli Hakitoshi

Mwezi wa Julai 2020, chama cha hiari kilichounda mtandao wa njia za baiskeli nchini Uingereza kilitamka neno ambalo wakubwa wengi hulikwepa: kwamba karibu robo ya njia zake ziondolewe au zishushwe hadhi, kwa kuwa zilipita penye magari mengi. Tunakipongeza.

Chama hicho kilizaliwa Bristol mwaka 1977. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa njema: reli iliyoachwa kati ya Bristol na Bath ikageuzwa njia ya kilomita 21 isiyopitwa na gari, watu wa kujitolea wakishika sepetu. Kisiwani Wight nako, sehemu ya reli ya Newport hadi Sandown, iliyofungwa mwaka 1956, leo hupitwa na baiskeli.

Taabu iko vijijini. Barabara ni nyembamba, nyua za miti zimezibana pande zote mbili, na kona haionyeshi kinachokuja. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria imeruhusu gari kukimbia humo maili 60 kwa saa. Kibao cha baiskeli kimesimama papo hapo.

Sisi wa visiwani baiskeli hutupeleka shamba na sokoni, si matembezini tu. Tunawaomba wahusika wa barabara, kabla hawajaweka kibao, waipande njia hiyo wenyewe, saa ya daladala nyingi.