Ganda la Korosho na Rangi ya Mashua

Newala na Masasi ziko mbali na bahari, lakini mikorosho yake huzaa kitu ambacho fundi wa mashua hukihitaji. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anakijua: ni mafuta ya ganda, ambayo huunguza ngozi hata wabanguaji hulazimika kujipaka majivu mikononi.

Je, mafuta hayo yanahusiana vipi na mashua? Mashua ndogo ya faiba hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ya plastiki. Haiozi, wala haitobolewi na wadudu wa mbao. Hata hivyo, ikikaa majini muda mrefu, maji hupenya polepole katika tabaka lake la nje na kufanya malengelenge. Kwa hiyo fundi anayeipaka rangi upya huikwangua, huiosha kwa maji yasiyo na chumvi, huiacha ikauke kabisa na kuisugua kwa msasa. Kisha hupaka rangi ya msingi ya epoksi ili kuzuia maji, na juu yake rangi yenye msombo wa shaba, ili viumbe wa baharini wasijibandike.

Epoksi haigandi kwa kukauka tu; sharti ichanganywe na kigandishi. Hapa ndipo korosho inapoingia. Sehemu kubwa ya mafuta ya ganda ni asidi ya anakadi. Ikipashwa moto, asidi hiyo hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kubaki kardanoli. Molekuli ya kardanoli ina kichwa cha fenoli, ambacho wanakemia hukiunganisha na amini ili kupata kigandishi, na mkia wa atomi 15 za kaboni, ambao hukataa maji. Vigandishi vya aina hii hutumika katika rangi za meli, kwa kuwa hukaza epoksi hata penye baridi na unyevu.

Mafuta hayo ni takriban robo ya uzito wa ganda. Viwanda vingi vya kubangua vilivyojengwa nchini tangu miaka ya 1970 vilisimama, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania imeuzwa nje ikiwa na ganda lake. Gunia kama hilo likiondoka Newala, hubeba chakula pamoja na malighafi ya rangi, na mvuvi wa Mtwara hubaki kununua rangi iliyotengenezwa kwingine.