Lamu Ilipopeleka Wajumbe Wake Maskati

Saint Kitts na Nevis ni visiwa viwili vya Karibiani vyenye watu wapatao 50,000. Kaunti ya Lamu, kwa sensa ya 2019, ina watu 143,920. Wenzetu hao wana balozi Washington, na kura yao katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ina uzito ule ule wa kura ya Uchina. Kwetu mambo ya nje ni kazi ya Nairobi, ndivyo Katiba ya 2010 inavyosema. Lakini ulikuwapo wakati ambapo mji wa Lamu ulipeleka wajumbe wake wenyewe ng'ambo, na matokeo ya safari ile tunayapita kila siku tukienda sokoni.

Lamu ya zamani haikuwa na sultani. Mji uliendeshwa na wazee wa koo kubwa, waliogawanyika pande mbili, Zena na Suudi. Pate kulikuwa na Wanabahani, Mombasa kulikuwa na Wamazrui, na wote wawili waliitamani bandari yetu. Mwaka 1812 au karibu na hapo, majeshi yao yakashuka pamoja Shela. Lamu ikawashinda. Walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Waliofia pwani pale walikuwa wengi mno, na mifupa yao ilionekana kwenye vilima vya mchanga miaka mingi baadaye.

Ushindi ule haukuwapa wazee usingizi, maana Mombasa ingeweza kurudi. Wakaamua kupeleka wajumbe Maskati kwa Sayyid Said bin Sultan. Hawakubahatisha. Wamazrui waliwahi kuishika Mombasa kwa jina la Oman, kisha wakakataa kuwatambua Mabusaidi waliposhika utawala. Kwa hiyo adui wa Lamu alikuwa mwasi machoni pa Maskati. Mji mdogo hauna jeshi la kumtisha mtu. Wajumbe wake walibeba habari hiyo moja, nayo ilitosha.

Tukumbuke pia safari zenyewe zilivyokuwa. Chombo kilikwenda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Mjumbe akishatweka tanga, miezi ilipita bila neno lolote, na lile alilokubali kule mji ulilikuta limekwisha kukubaliwa. Hapakuwa na simu ya kuuliza, "Jamani, niseme ndiyo?" Nadhani ndiyo maana kazi hii haikupewa kila msemaji hodari.

Sayyid Said alikubali. Akaleta liwali na askari, na ngome ya Mkunguni ikamalizika mnamo 1821. Mombasa haikurudi tena kuivamia Lamu, na mwaka 1837 yenyewe ikaangukia mikononi mwa Sayyid Said. Ila liwali naye hakuondoka. Wazee walikuwa wameomba mlinzi, wakapata mtawala. Mimi siwalaumu, aliyeona majahazi ya adui Shela hawezi kuhukumiwa na sisi tunaokunywa kahawa kivulini mwa ngome ile ile. Siyu, walioikataa njia hiyo, walipigana na majeshi ya Mabusaidi hata miaka ya 1860, na mwisho wakashindwa pia.

Kulikuwa na hali mbaya zaidi, ya kutokuwa na mjumbe kabisa. Witu, hapo bara yetu, Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, Mnabahani naye, alitiwa chini ya himaya ya Ujerumani mwaka 1885 kupitia ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zikatia saini mkataba: Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu pamoja na madai mengine ya pwani hii, ikapata kisiwa cha Heligoland. Mtu wa Witu hakuwapo mezani. Oktoba mwaka huo huo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, Waingereza wakauteka mji na kuuchoma moto.

Lamu nayo ilibaki kwenye ukanda wa Sultani wa Zanzibar, urithi wa ile safari ya Maskati, mpaka tarehe 12 Desemba 1963, ukanda ulipokabidhiwa Kenya kwa ahadi, miongoni mwa nyingine, kwamba mahakama za kadhi zitabaki. Barua zile zilitiwa saini na Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Saini ya Lamu haimo.