Namba ya mteja umeazimwa, hujapewa

Leo tuongelee namba za wateja, ila nitaanzia mbali kidogo.

Tarehe 26 Oktoba 2017, Bunge la Ulaya kule Strasbourg lilipiga kura kuhusu siri ya mawasiliano ya kielektroniki. Kura 318 zilikubali, 280 zilikataa, na 20 hawakuegemea upande wowote. Hoja ilikuwa hivi: simu ya kawaida inalindwa, kwa nini meseji ya WhatsApp au Skype isilindwe vilevile?

Kura ile ilifungua mlango wa mazungumzo na serikali za nchi wanachama. Serikali hizo zilipata msimamo wao 2021, muafaka wa mwisho haukupatikana, na 2025 Kamisheni ya Ulaya ikatangaza kuiondoa rasimu. Imebaki sheria ya mwaka 2002.

Sasa wewe muuza mashuka inakuhusu nini? Hiyo ya 2002 ina jambo zuri la kuiga: tangazo la biashara kwa barua pepe au meseji linataka ridhaa ya mtu kwanza. Kama alishanunua kwako, unaweza kumtangazia bidhaa zako zinazofanana na aliyonunua, mradi kila mara umpe njia rahisi ya kukataa.

Mimi naona ni haki kabisa. Mteja amekupa namba ili boda amfikishie mzigo, basi. Fanya hivi:

1. Muulize. "Mzigo mpya ukifika nikujulishe?" Akikaa kimya, mwache.

2. Usimwingize kwenye grupu bila kumwambia. Humo kila mtu anaiona namba yake. Tumia brodikasti, na mwombe aisevu namba yako, la sivyo tangazo halimfikii.

3. Malizia tangazo na "Hutaki tena? Jibu ACHA." Akijibu, mtoe siku hiyohiyo.

4. Ukiposti chati ya mteja anayekusifia, omba ruhusa, kisha ficha jina, namba na picha.

Na usidhani haya ni ya Wazungu tu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mteja anayeblock harudi, na hakuambii kwa nini.

Wewe unaombaje ruhusa? Tuambie hapo chini, wengine wajifunze.